MZEE ALIYEIHOJI MIZIZI: MAISHA YA CHARLES DARWIN

Wenzangu wengi wameandika juu ya washairi na mashujaa wa pwani, na wameandika vizuri. Mimi nikawaza, je, kuna ubaya gani mtu wa sayansi naye akipewa ukurasa katika jarida la Kiswahili? Wengi wetu hudhani kuwa biolojia ni mali ya Kiingereza na Kiswahili ni cha mashairi na ngonjera tu. Hilo silikubali hata kidogo. Mzizi wa hindi hauulizi unasomwa kwa lugha gani, wenyewe unateremka tu. Basi nimeamua kuwasimulia maisha ya mtu ambaye jina lake tunalijua sote, lakini ni wachache wanaojua kwamba miaka yake ya mwisho aliitumia kuchunguza miche ya maharagwe na mahindi, akitaka kujua ni nani anayeuambia mzizi uende chini.

Mtu huyo ni Charles Darwin. Najua wengine wameshakunja uso. Jina hili likitajwa darasani hapakosi ubishi, na ubishi huo nawaachia walimu wa biolojia na walimu wa dini, kila mmoja kwa kipindi chake. Leo nataka tumfuate Darwin mwingine, mzee mwenye ndevu nyeupe aliyekaa nyumbani kwake pamoja na mwanawe, wakihangaika na vijizizi visivyozidi urefu wa kidole.

Charles Robert Darwin alizaliwa tarehe 12 Februari 1809 katika mji wa Shrewsbury, Uingereza. Baba yake, Robert, alikuwa daktari mwenye mali na mwili mkubwa. Mama yake, Susannah, alifariki mwaka 1817, Charles akiwa na miaka 8 tu, akabaki kulelewa na dada zake wakubwa. Shuleni hakuwa nyota. Wenzake walikariri Kilatini na Kigiriki, yeye akikusanya wadudu, mawe na mayai ya ndege. Baba yake alikasirika, akamwona kijana huyu anapoteza wakati kwa kuwinda na kucheza na mbwa, na akahofia kwamba atakuja kuiaibisha familia nzima. Naam, ndivyo wazazi walivyo, hata wa Ulaya!

Mwaka 1825, akiwa na umri wa miaka 16, alipelekwa Edinburgh, Uskoti, asomee udaktari kama baba yake. Wakati huo dawa ya usingizi haikuwa imeanza kutumika katika upasuaji. Mgonjwa alishikwa akakatwa huku macho yanaona. Kijana Darwin alishuhudia upasuaji mara mbili, mmoja wa mtoto mdogo, akatoka mbio kabla haujaisha, na hakurudi tena. Lakini Edinburgh haikuwa hasara tupu. Huko alimpata mwalimu mmoja ambaye vitabu vingi humsahau. Aliitwa John Edmonstone, mtu mweusi kutoka Guyana aliyekuwa mtumwa kabla ya kupata uhuru wake. Edmonstone ndiye aliyemfundisha Darwin namna ya kuchuna ndege na kuzihifadhi ngozi zake zisioze. Bila ujuzi huo, ndege aliowakusanya baadaye safarini wasingefika Uingereza wakiwa wazima. Kwa hiyo mkono wa mtu wa asili yetu ya Kiafrika umo katika hadithi hii tangu mwanzo.

Udaktari ulipomshinda, baba alimhamishia Cambridge mwaka 1828 ili aje kuwa kasisi. Hapo akafanya urafiki na profesa wa mimea, John Henslow, hata watu wakawa wanamtambua kuwa ndiye yule anayetembea na Henslow. Alipohitimu mwaka 1831, profesa huyo akampendekeza kwa nahodha Robert FitzRoy, aliyekuwa akitafuta mwenzake wa kusafiri naye katika merikebu iitwayo Beagle. Baba akakataa katakata. Mjomba wa Charles, Josiah Wedgwood, akaingilia kati akamtuliza, na baba akakubali. Tarehe 27 Desemba 1831 Beagle iling'oa nanga. Safari iliyokusudiwa kuchukua miaka miwili ilichukua karibu mitano, nayo ilirejea Uingereza tarehe 2 Oktoba 1836.

Sisi watoto wa Watamu tunaokaa na wavuvi tutacheka tukisikia kwamba mtu huyu alizunguka dunia nzima akitapika. Bahari ilimsumbua tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho. Kila merikebu ilipotia nanga alikimbilia nchi kavu, akapanda milima na kuchimbua mifupa ya wanyama waliotoweka zamani. Septemba 1835 alifika visiwa vya Galápagos. Aprili 1836 alifika visiwa vya Keeling katika Bahari yetu ya Hindi, kisha Mauritius, halafu Rasi ya Tumaini Jema. Kwetu hakupita, lakini jambo aliloliona katika bahari hii linatuhusu. Aliyachunguza matumbawe, na mwaka 1842 akatoa kitabu kilichoeleza kwamba iko miamba ya matumbawe iliyokaa kando ya pwani, iko iliyotengwa na nchi kavu kwa maji mapana, na iko iliyo duara katikati ya bahari. Alisema miamba ya duara ilizaliwa pale kisiwa cha volkano kilipokuwa kikizama polepole huku matumbawe yakiendelea kujijenga juu yake. Wengi walipinga. Mwaka 1952 Wamarekani walitoboa kisiwa cha Enewetak katika Pasifiki, wakapita zaidi ya mita 1,200 za chokaa ya matumbawe kabla ya kugonga jiwe la volkano. Mzee alikuwa amepatia. Mwamba wetu wa Watamu, uliomo katika hifadhi ya bahari iliyoanzishwa mwaka 1968, ni wa lile kundi la kwanza, la kando ya pwani.

Jambo jingine la safari hiyo ni utumwa. Darwin aliuona Brazili kwa macho yake, na ukamchoma moyo. Alibishana na nahodha wake juu yake hadi wakakosana kwa muda. Sisi ambao babu zetu waliiona biashara hiyo ikipita katika pwani hii, na ambao kwetu Kenya hali ya utumwa haikufutwa kisheria hadi mwaka 1907, tunaelewa uzito wa msimamo huo kwa kijana wa tabaka lake.

Tarehe 29 Januari 1839 alimwoa binamu yake, Emma Wedgwood. Mwaka 1842 wakahamia kijiji cha Downe, katika jimbo la Kent, kwenye nyumba ambayo hakuihama tena hadi kufa. Alikuwa mgonjwa wa kudumu. Tumbo, moyo kudunda, uchovu na kutapika vilimfanya afanye kazi saa chache tu kwa siku. Walijaliwa watoto 10, na watatu wakafa wakiwa wadogo. Aliyemvunja moyo kabisa ni Annie, binti wa miaka 10 aliyefariki Aprili 1851. Watu waliomjua walisema baba huyo hakuwahi kupona jeraha hilo.

Kitabu chake kikubwa juu ya asili ya viumbe kilitoka tarehe 24 Novemba 1859, baada ya zaidi ya miaka 20 ya kukusanya ushahidi. Hata hivyo kilitoka kwa haraka, kwani Juni 1858 kijana Alfred Russel Wallace alimtumia barua kutoka visiwa vya Asia yenye wazo lile lile. Maandishi ya wote wawili yakasomwa pamoja London tarehe 1 Julai 1858. Mwaka 1871 Darwin aliandika kitabu kingine, akasema kuna uwezekano mkubwa kwamba chimbuko la binadamu ni Afrika. Wakati huo hapakuwa na kisukuku hata kimoja cha kumuunga mkono kutoka huku. Leo kuna Olduvai, kuna Turkana, na makumbusho yetu yanatembelewa na dunia nzima.

Hapo ndipo vitabu vingi hukomesha hadithi, lakini mimi hapo ndipo ninapoianza hasa.

Mwaka 1876 msiba uliingia tena katika familia. Mwana wa Darwin aitwaye Francis, aliyesomea udaktari lakini akapenda mimea, alifiwa na mkewe mara tu baada ya mkewe kujifungua mtoto wa kiume. Francis akarudi nyumbani kwa wazazi wake na kichanga chake. Babu na nyanya wakalea mjukuu, na baba na mwana wakaingia kazini pamoja. Nadhani kazi hiyo ilikuwa tiba. Mzee alikuwa anakaribia miaka 70, mwanawe ni mjane, na mbele yao ni vyungu vya udongo vyenye miche.

Swali lao lilikuwa jepesi kama maji. Kwa nini shina huelekea kwenye mwanga na mzizi huelekea chini? Mimea haina macho wala masikio. Nani anaiambia?

Walianza na miche ya nyasi, ile ambayo mbegu zake hulishwa ndege wa kufugwa. Waliiweka mahali ambapo mwanga hutoka upande mmoja, na miche ikainama kuuelekea. Kisha wakaivika baadhi ya miche kofia ndogo za karatasi ya bati kichwani, mwanga usipite. Miche hiyo ilisimama wima, haikuinama. Mingine wakaifunika sehemu ya chini kwa mchanga mweusi laini, ncha wakaiacha wazi. Hiyo ikainama, ingawa sehemu inayopinda ndiyo iliyofunikwa. Maana yake ni nini? Ncha ndiyo inayouona mwanga, na kuna ujumbe fulani unaoteremka kutoka kwenye ncha kwenda kuipindisha sehemu ya chini.

Kisha wakaigeukia mizizi. Walichukua maharagwe makubwa, njegere na mahindi, wakayaotesha mahali penye unyevu, mizizi ikiwa imelazwa ubavu. Mzizi mzima ulipinda kuelekea chini. Lakini walipokata ncha, kipande cha milimita moja au moja na nusu tu, mzizi uliendelea kukua kwa ubavu kama mtu aliyepotea njia. Baada ya siku chache, ncha mpya ilipoota, mzizi ukakumbuka njia yake na kushuka. Mpolandi mmoja, Theophil Ciesielski, alikuwa ameshaona jambo kama hilo kabla yao, na Darwin alimtaja kwa heshima. Akina Darwin walifanya na jaribio jingine. Waliulaza mzizi ukiwa na ncha yake kwa saa moja au zaidi, kisha ndipo wakaikata. Mzizi huo ulipinda chini ingawa ncha haipo tena! Ujumbe ulikuwa umeshatumwa kabla mjumbe hajakatwa.

Kitabu cha baba na mwana kilitoka mwaka 1880. Mwishoni mwake Darwin alithubutu kuilinganisha ncha ya mzizi na ubongo wa mnyama mdogo, kwa jinsi inavyopokea habari kutoka kila upande na kuziongoza sehemu nyingine.

Hapo ndipo kesi ilipoanza. Bingwa wa mimea wa wakati huo alikuwa Mjerumani, profesa Julius Sachs wa Würzburg. Yeye alikuwa na maabara kubwa, vyombo vya kila aina, na wanafunzi kutoka nchi nyingi. Francis mwenyewe alikwenda kujifunza kwake. Sachs aliposoma kazi ya akina Darwin aliidharau. Alimwagiza msaidizi wake arudie majaribio ya kukata ncha, na majibu yakatoka tofauti. Basi akatangaza kwamba hao ni watu waliofanya kazi bila ustadi na kuieleza vibaya. Yaani, kwa lugha yetu, mzee wa kijijini mwenye vyungu atatuambia nini sisi wenye maabara?

Fikiria uchungu wake, msomaji. Mtu ni mgonjwa, siku zake zinahesabika, na mwanawe ndiye aliyesoma kwa bwana huyo anayewacheka. Darwin hakurusha matusi. Mwaka 1881 alitoa kitabu chake cha mwisho, kuhusu nyungunyungu wanavyoutengeneza udongo. Katika kazi hiyo Francis aliwapigia nyungunyungu zumari kubwa ili wajue kama wanasikia, wala hawakushtuka! Tarehe 19 Aprili 1882 Charles Darwin aliaga dunia nyumbani kwake akiwa na umri wa miaka 73. Alizikwa Westminster Abbey, London, walikozikwa wafalme. Kesi ya mizizi aliiacha bila hukumu.

Hukumu ilikuja polepole, kwa vipande. Mwaka 1900 wanasayansi Haberlandt na Němec, kila mmoja kwa njia yake, walieleza kwamba ndani ya kofia ya ncha ya mzizi kuna chembe nzito za wanga. Mzizi ukilala, chembe hizo huanguka upande wa chini. Mfano wake ni kayamba letu. Ukiliinamisha, mbegu humiminika upande ulio chini, na ukifumba macho utajua kwa sauti tu limeinama wapi. Ncha ya mzizi ina kayamba lake.

Kati ya mwaka 1910 na 1913, Mdenishi Peter Boysen Jensen alikata ncha ya mche, akaweka kipande cha jelatini katikati, kisha akairudisha ncha juu yake. Ujumbe ulipita kwenye jelatini, mche ukainama. Kwa hiyo ujumbe ule ni kitu halisi kinachoyeyuka na kusafiri. Mwaka 1926, Mholanzi Frits Went, kijana wa miaka 23, aliziweka ncha za miche juu ya vipande vya agari, dutu laini itokayo kwenye mwani wa bahari, akaziondoa, kisha akavitumia vipande hivyo vitupu kwenye miche iliyokatwa ncha. Miche ikakua kana kwamba ncha zimerudi. Ujumbe ulikuwa umekusanywa! Ukapewa jina la auksini, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kukua. Francis Darwin alikuwa amefariki mwaka mmoja tu kabla, 1925. Mwaka 1934 auksini ikatambuliwa kikemia, na mtaduwaa nikiwaambia kwamba ilipatikana kwenye mkojo wa binadamu. Mwaka 1946 ikapatikana kwenye punje changa za mahindi.

Hiyo ndiyo homoni ya mimea ya kwanza kujulikana. Homoni ni mjumbe wa kemikali. Hutengenezwa sehemu moja na kwenda kutoa amri sehemu nyingine, na kiasi kidogo mno chatosha.

Sasa swali ambalo hutokea kwenye mitihani na kututoa jasho: ikiwa auksini hukusanyika upande wa chini wa shina na wa mzizi pia, mbona shina hupanda na mzizi hushuka? Jibu lilitolewa mwaka 1927 na 1928 na Went pamoja na Nikolai Cholodny wa Kiev. Kiasi cha auksini kinacholifurahisha shina ndicho kinachoukwaza mzizi. Katika shina, upande wa chini hukua haraka, basi shina huinuka. Katika mzizi, upande wa chini hucheleweshwa, wa juu huendelea, basi mzizi hujipinda chini. Ni kama chumvi kwenye mchuzi na chumvi kwenye chai, kitu ni kile kile lakini chombo si kimoja.

Mimi na mwenzangu tunayekaa dawati moja hatukutaka kuamini kwa maneno tu. Tulichukua mbegu za mahindi, tukaziotesha kwenye pamba yenye maji ndani ya chupa ya jemu, tukazigeuza mizizi ikalala ubavu. Tatu tukazikata ncha kwa wembe mpya, tatu tukaziacha. Kesho yake asubuhi, zile nzima zilikuwa zimeshapinda kama ndoana. Zilizokatwa zilikuwa zimenyooka, hazijui chini ni wapi. Gharama yake ni wembe mmoja na pamba kidogo. Maabara ya Sachs hatukuihitaji.

Wapo watakaosema haya ni mambo ya Wazungu na ya zamani, sisi yatufaa nini? Haya, twende shambani, huko Gede, Dabaso na Matsangoni. Mvua zetu hazina ahadi. Hunyesha, mahindi huota, kisha jua hukaa wiki mbili. Mche utakaopona ni ule ambao mzizi wake ulikimbilia chini mapema kuufuata unyevu. Kwa hiyo amri ile inayotolewa na ncha ya mzizi ndiyo inayoamua kama nyumbani kutakuwa na sima au la.

Tena si auksini peke yake. Kuna ethilini, gesi ile ile inayoivisha ndizi na maembe tunapoyafungia. Mizizi pia huitoa. Katika udongo laini gesi hiyo hupotea kupitia nafasi zilizo kati ya chembe za udongo. Udongo ukiwa mgumu, uliokanyagwa na ng'ombe au kupigwa na mashine, gesi hukosa pa kutokea, hukusanyika kwenye mzizi na kuuamuru usimame na unenepe. Watafiti walilionyesha jambo hili kwa mpunga mwaka 2021. Kumbe mche unaodumaa kwenye ardhi ngumu haukushindwa nguvu tu, bali umepewa amri ya kusimama! Mzazi anaposema tulime kwa kina kabla ya mvua, anaufungulia mzizi mlango.

Kuna pia saitokinini, ambayo huhimiza seli zigawanyike na machipukizi yatoke, lakini huizuia mizizi ya pembeni. Hii inapatikana kwa wingi kwenye maji ya dafu. Mwaka 1941, Johannes van Overbeek na wenzake waligundua kwamba maji ya nazi huvikuza viini vichanga vya mimea ndani ya chupa, na tangu hapo maabara nyingi duniani zimeyatumia. Sisi tunayanywa barabarani na kutupa kifuu, wenzetu wameyafanyia sayansi!

Tazama na muhogo. Tunapopanda pingili, hatupandi mbegu wala mzizi. Auksini hutoka kwenye macho ya juu, huteremka na kujikusanya mwisho wa chini, na huko mizizi huchipuka. Pingili hukumbuka upande wake wa chini hata ukiigeuza, ndiyo maana wazee husisitiza macho yatazame juu. Wakulima wa maua hutumia unga wenye homoni kama hiyo kuotesha vipandikizi. Lakini kipimo kikizidi, dawa hugeuka sumu. Dawa ya magugu iitwayo 2,4-D ni auksini ya kutengenezwa, nayo huua magugu ya majani mapana na kuyaacha mahindi. Ukiwa na kunde kati ya mahindi yako, kama tufanyavyo huku, kunde nazo zitakwenda na magugu. Hapo sayansi ya ncha ya mzizi inaweza kumwokoa au kumtia hasara mkulima asiyesoma maandishi ya chupa.

Na huko magharibi mwa Kenya kuna gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, hulala udongoni miaka mingi zikisubiri. Mzizi wa hindi hutoa homoni ziitwazo strigolaktoni, ambazo kazi yake ni kuwaita kuvu rafiki waulishe mmea. Striga husikia mwito huo, huamka, na kujichomeka kwenye mzizi kunyonya. Kemikali ya kwanza ya kundi hilo ilipatikana mwaka 1966 kutoka kwenye mizizi ya pamba. Mazungumzo ya chini ya ardhi ni mengi, na wengine husikiliza kwa nia mbaya.

Wenzangu, mimi katika maisha ya Darwin nimeokota mambo mawili. Kwanza, huyu hakuwa mwenye akili ya radi. Alikuwa mtu wa kuuliza jambo dogo, kulipima, kulirudia, na kuandika alichokiona hata kama hakikumpendeza. Bandu bandu huisha gogo. Pili, hakuwa na maabara. Alikuwa na vyungu, karatasi ya bati, mchanga, gundi na mwanawe. Mara ngapi tumesikia, na tumesema, kwamba shule zetu za huku haziwezi sayansi kwa kuwa hazina vyombo? Vyombo tunavihitaji, sikatai, na wanaohusika watuletee. Lakini mbegu tunazo, mchanga tunao tele, na jua letu halina bili. Nenda Mida ukauangalie mkoko, ambao mche wake huota ungali umening'inia mtini kwa mama yake kabla ya kudondoka kwenye tope. Jiulize ni amri gani iliyouambia usisubiri udongo. Hilo si swali la Mzungu, ni letu.

Sachs alikuwa bingwa wa kweli, na vitabu vyake vilifundisha kizazi kizima. Lakini siku hiyo alimpima mtu kwa nyumba yake, hakulipima jaribio lake. Mdharau mwiba mguu huota tende. Leo kila kitabu cha biolojia kikifika mlango wa homoni za mimea, huanza na mzee yule wa Downe na kofia zake za bati.

Nafasi niliyopewa na mhariri imejaa. Atakayelirudia jaribio la mahindi likizo hii na alete majibu yake, yafanane na yangu au yasifanane, nasi tutayachapisha toleo lijalo. Wasalaam.